Feni ya AC ya gari imechoka: uifanyie servis, uchukue used ya Japani, mpya ya Mchina au orijino?

Upepo wa AC umepungua, au feni inalia ukiwasha gari asubuhi, au imekata kabisa na uko foleni ya Buguruni saa nane mchana. Hapo ndo utasikia ushauri wa kila aina. Fundi anakwambia tuifungue tuisafishe tu hiyo mota inayozungusha feni, mwenye duka anakwambia chukua used ya Japani utanishukuru, jirani yako kafunga mpya ya Mchina anasema mbona iko poa, alafu kuna yule mwingine anakwambia ukiweka kitu tofauti na orijino umeiharibu gari. Kila mmoja ana mahali alipo sahihi, shida ni kwamba hakuna anayekuuliza kwanza gari yako ni ipi, unaitumiaje, na hiyo mota ya zamani imeuliwa na nini.

Kwaiyo tuziweke meza moja hizo njia nne: servis ya mota uliyonayo, mota used ya Japani, mota mpya isiyo ya kampuni (mtaani wanaita ya Mchina hata kama imetoka Taiwani), na mota mpya orijino. Na nitagusa kidogo hili la kufunga feni yenye nguvu zaidi maana linaulizwa sana. Mifano mingi hapa ni ya Toyota ndogo, IST, Vitz, Ractis, Probox, Premio, Noah, maana ndo zimejaa barabarani kwetu, ila mwenye Nissan au Mazda atakuta mambo ni yale yale.

Kwanza uhakikishe ni mota kweli

Hapa ndo hela nyingi zinapotelea kwaiyo nitakaa kidogo.

Feni, au blowa kama mafundi wanavyoiita, kazi yake ni kusukuma hewa ipite kwenye evapoleta (kile kipoza hewa cha AC) iliyofichwa ndani ya dashibodi ikutokee wewe usoni. Haitengenezi baridi. Ukipata upepo mdogo lakini wa baridi kweli, usikubali kujaziwa gesi, gesi yako iko sawa. Ukipata upepo mwingi lakini wa moto basi mota haina kosa, angalia gesi, kompresa (pampu ya gesi) na feni ya kondensa (ile rejeta ya AC ya mbele). Watu wanajaziwa gesi mara kwa mara mpaka inazidi kipimo, kumbe ni filta ya AC imeziba vumbi nyuma ya droo ya dashibodi na hakuna aliyewahi kuifungua tangu gari ishuke melini.

Jaribio la bure kabisa: chomoa hiyo filta, washa feni mpaka mwisho dakika chache bila filta, kama upepo umerudi basi umemaliza, nunua filta mpya uende zako. Filta za gari nyingi zinashauriwa kubadilishwa kila kilomita 15,000 hadi 20,000 hivi au mara moja kwa mwaka, na wewe unayeshinda barabara za vumbi Dodoma au Shinyanga usisubiri hizo kilomita zitimie.

Kuna na hii, upepo unaanza vizuri afu baada ya muda wa safari unafifia, ukizima kitufe cha AC ukaacha feni peke yake baada ya dakika kadhaa unarudi. Hiyo ni evapoleta inaganda barafu, hewa haipiti. Inaweza kuwa sensa ya baridi imekufa, au feni ni dhaifu mno kiasi kwamba hewa inayopita haitoshi kuzuia barafu, ila usikimbilie mota kabla hujacheki hiyo sensa.

Sasa rizista, kile kipande kinachopunguza umeme ili feni iende spidi ndogo. Kwenye gari zenye kitufe cha kuzungusha namba moja mpaka nne, feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu na zingine zote kimya, karibu kila mara ni rizista, sio mota, kwasababu ile namba ya mwisho umeme haupiti kwenye rizista unaenda moja kwa moja. Rizista ni kitu kidogo na bei yake haikaribii ya mota. Ila usifunge mpya ukasahau, jiulize imeungua na nini. Rizista inapozwa na huo huo upepo wa feni, filta ikiziba haipozwi, na mota ikianza kuwa nzito inavuta umeme mwingi kuliko kawaida na rizista inapata moto. Mtu anabadilisha rizista leo, baada ya miezi inaungua tena, analaumu spea feki, kumbe muuaji ni mota iliyokauka bushi (pale shafti yake inapozungukia). Na kuna mafundi wanaruka ile fyuzi ya joto iliyoko kwenye rizista kwa kipande cha waya, feni inawaka, mteja anafurahi. Usikubali. Ile fyuzi iko pale ili dashibodi isishike moto.

Gari zenye AC ya kujiendesha, zile unaweka nyuzi joto inajipangia spidi, hazina rizista ya aina hiyo, zina pawa transista au moduli (kipande cha elektroniki kinachopanga spidi), na hiyo ikifa feni inaweza kukataa kabisa au kukimbia spidi moja bila kusikia amri.

Feni ikikaa kimya kabisa, anza na fyuzi (mara nyingi ya 30 au 40, imeandikwa HTR au HEATER), rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha soketi ya mota. Soketi iangalie kwa macho, plastiki ikiwa imekuwa ya kahawia au imeyeyuka pembeni ya pini hapo kuna joto lilikuwa linatokea na lazima ibadilishwe hata ukiweka mota ya bei gani. Baada ya hapo multimita: weka spidi ya mwisho, pima kwenye soketi ikiwa imechomekwa, ukikuta volti 12 na kitu na feni haizunguki basi ni mota kweli. Mota ya waya mbili unaweza pia kuijaribu kwa kuipa umeme wa betri kupitia waya wenye fyuzi. Ya waya tatu au zaidi usifanye hivyo, ndani ina saketi yake, utaiua ikiwa nzima.

Ukigonga chini ya dashibodi upande wa abiria feni ikashtuka na kuanza kuzunguka, makaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme sehemu ya mota inayozunguka) yameisha. Ikilia asubuhi ikiwa ya baridi afu inanyamaza ikipata moto, bushi imekauka. Ikitoa mlio wa ta-ta-ta unaokimbia kadri unavyoongeza spidi, kuna jani au kijiti, hasa kama unapaki chini ya mwarobaini, maana hewa ya nje inaingilia pale chini ya kioo cha mbele penye zile waipa. Panya nao wanapapenda hapo.

Tunapima kwa nini

Bei ya dukani peke yake inadanganya. Mimi naangalia hela yote mpaka gari itoke gereji, itakaa muda gani, inaingia bila kulazimisha, upepo na kelele vitakuwaje, na uwezekano wa kupigwa. Bei za shilingi sitaweka, zinapanda na kushuka kila wiki na hazifanani Kariakoo na Mwanza, wala Kirinyaga Road ya Nairobi na Mombasa. We uliza maduka matatu utapata picha.

Hela yote mpaka gari itoke gereji

Servis ndo rahisi kuliko zote. Unalipa ufundi, mafuta matone machache, na kama makaboni yameisha unalipa na hayo. Kwenye Toyota nyingi ndogo za usukani wa kulia mota iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, unashusha droo, unachomoa soketi, unafungua skrubu tatu hivi, mota inashuka na pangaboi lake (lile gurudumu la mapanga linalosukuma hewa). Ukijua kushika bisibisi unafanya mwenyewe Jumamosi asubuhi. Toa kwanza terminali hasi ya betri maana ea begi ya abiria iko hapo hapo juu.

Used ya Japani inafuata kwa bei, na kawaida iko chini ya orijino mpya kwa mbali. Ya Mchina mara nyingi inakaribiana na used, wakati mwingine inakuwa chini yake na hilo linawashangaza watu, kitu kipya kinauzwa rahisi kuliko kilichotumika. Orijino ndo juu kabisa, na kwa gari za soko la Japani kama IST au Ractis ongeza na gharama ya kuagiza na kusubiri.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaipigi ni ufundi. Kama mota yako inatoka kwa kushusha droo tu, kujaribu kitu cha bei rahisi hakuna hasara kubwa, kikikataa unafungua tena. Ila kuna gari, hasa baadhi ya za Ulaya, mota imezikwa ndani na inabidi ufungue nusu ya dashibodi kuifikia. Huko kuweka mota ya kubahatisha ni kujitafutia kulipa ufundi mara mbili, na kila ukifungua dashibodi klipu zinavunjika gari inaanza kulialia kila kona.

Itakaa muda gani

Servis inategemea kilichokuwa kinaumwa. Kama ni uchafu, majani, vumbi kwenye pangaboi, inarudi kama ilivyokuwa na itakaa sana. Kama ni bushi iliyokauka lakini haijalika, mafuta yatakupa muda mzuri tu, ila yatakauka tena siku moja. Bushi ikishalika shimo limekuwa pana na shafti inacheza ukiishika, mafuta yatakunyamazishia kelele kwa muda mfupi halafu inarudi kwa hasira. Na tafadhali sio WD-40. Inapenya na inasafisha na siku ya kwanza kimya kinakuwa kitamu, lakini ni nyepesi, inaondoka na mafuta yaliyokuwepo kwenye bushi inayaosha. Tumia mafuta ya cherehani au mafuta mepesi ya mashine, matone mawili matatu, usimwage, yakifika kwenye makaboni umeharibu kingine.

Makaboni yanabadilishika kwenye mota nyingi za zamani, peleka kwa fundi wa starta na altaneta sio fundi wa gesi, yeye ndo ana makaboni na ndo anajua kusafisha komuteta (pale makaboni yanaposugua). Mota ambazo bodi yake imekunjwa kwa chuma zinafunguka kwa shida lakini zinafunguka. Zile mpya za saketi ndani ambazo hazina kaboni kabisa, hapo servis inaishia kwenye kusafisha pangaboi.

Used ya Japani ni bahati nasibu yenye uwezekano mzuri. Imetengenezwa kwa kiwango cha kiwandani, hilo ndo zuri lake. Kitu watu wanasahau ni kwamba feni hii hii ndo inasukuma hita wakati wa baridi, kwaiyo gari iliyotoka mikoa ya theluji kule Japani feni yake imezunguka mwaka mzima, kiangazi AC na baridi hita. Kusema "hii gari ilikuwa na kilomita chache" hakumaanishi mota imepumzika. Used ya hapa hapa iliyotolewa kwenye gari ya ajali nayo ipo sana sokoni na imekula vumbi letu, muulize muuzaji ingawa jibu lake unalijua.

Ya Mchina hapa ndo haitabiriki. Kuna viwanda vinatengeneza vizuri kabisa na mota inadumu miaka, na kuna zingine zinaanza kulia kabla msimu wa joto haujaisha. Ukiziweka mbili mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Orijino kwa kukaa haina mjadala mrefu. Toyota nyingi mota zao zinatengenezwa na Denso, kampuni iliyokuwa idara ya Toyota yenyewe mpaka ikatengwa 1949, kwaiyo ukipata iliyoandikwa Denso halali kwa gari yako usione umepewa kitu cha pembeni. Ila hata orijino itakufa mapema ikifungwa kwenye gari isiyo na filta.

Kuingia na kuendana

Servis inashinda hapa bila jasho, mota ni ile ile.

Kwa zingine zote beba mota yako mkononi nenda nayo dukani. Usiende na picha tu ya simu, na usiende na maneno "ya IST". IST gani, NCP60 ya kwanza au NCP110 iliyofuata? Ya AC ya kuzungusha au ya kujiendesha? Linganisha pini za soketi, mbili au tatu, kipenyo na kimo cha pangaboi, matundu ya skrubu, na kama mota yako ina kale kabomba kadogo ka mpira kanakopeleka hewa ndani ya mota hakikisha mpya ina sehemu yake na fundi anakarudisha. Kale kabomba kanapoza mota. Mafundi wenye haraka wanakaacha kananing'inia na mota inaungua kabla ya siku zake.

Kwenye Toyota namba ya mota inaanza na 87103, rizista 87138, filta 87139, na tarakimu zinazofuata ndo zinasema ni ya gari ipi. Muuzaji wa orijino atahitaji chesisi namba yako na atafute kwenye katalogi ya Japani, maana gari nyingi tunazoendesha hazikuuzwa mpya huku kwetu.

Alafu kuna mtego mmoja wa mota za Mchina ambao fundi wengi hawaujui: upande wa kuzunguka. Mota nyingi zinatengenezwa kwa ajili ya gari za usukani wa kushoto na zinaweza kuwa zinazunguka kinyume na yako. Inaingia vizuri, skrubu zinakubali, soketi inakubali, ukiwasha upepo unatoka, ila ni mdogo. Hili pangaboi la umbo la pipa likizunguka kinyume bado linasukuma hewa kule kule, linasukuma kwa unyonge tu. Mtu anarudi gereji anajaziwa gesi. Kabla hujafungua ya zamani angalia inazunguka upande gani, kisha mpya ijaribu nje kwa betri uone.

Na wenye Coaster na Canter za kutoka Japani, nyingi ni volti 24. Mota ya volti 12 humo itazunguka kama imepandwa na mashetani afu inaungua, na ya volti 24 kwenye gari ya 12 itakuwa dhaifu siku zote.

Upepo na kelele

Pangaboi likikusanya vumbi kwenye mapanga yake upepo unapungua hata mota ikiwa nzima, na likikusanya upande mmoja linatetemesha dashibodi. Ndo maana servis wakati mwingine inaleta upepo kuliko mota mpya ya rahisi. Safisha kwa brashi na hewa ya kompresa, plastiki ikitoka kwenye mota unaweza kuiosha, mota yenyewe usiimwagie maji. Ukiona viklipu vidogo vya chuma kwenye ukingo wa pangaboi usivitoe kwa kudhani ni uchafu, ni vya balansi, viliwekwa kiwandani.

Used nzuri inakuwa kimya sawa na ya gari mpya. Ya Mchina shida yake mara nyingi iko kwenye pangaboi zaidi ya mota, plastiki nyepesi, balansi haijakaa, spidi ndogo kimya spidi ya mwisho unasikia mvumo na mtetemo. Hapo kuna ujanja: kama pangaboi lako la zamani ni zima na shafti zinafanana, fundi anayejua anaweza kulihamishia kwenye mota mpya. Aangalie tu asilipige nyundo. Orijino inakuja na pangaboi lake limeshapimwa, unafunga unasahau.

Kupigwa

Kwenye servis unapigwa kwa kutofanyiwa. Gari inaingia, inapulizwa hewa, inapigwa spreyi, unalipa. Omba kuona mota ikiwa mezani, na uchafu uliotoka.

Kwenye used unapigwa kwa kupewa mota iliyokufa imefutwa vumbi ikang'aa. Gerezani Kariakoo na Ilala duka la maana lina betri ya kujaribia, akikataa kujaribu ondoka. Ikizunguka isikilize sikio likiwa karibu, shika shafti ichezeshe pembeni, nusa kama ina harufu ya kuungua, angalia pini zina rangi gani. Kubaliana mapema ikikataa kwenye gari unarudisha au unabadilishiwa, na yaandikwe kwenye risiti.

Kwenye ya Mchina unapigwa na boksi. Boksi la kampuni kubwa linachapishwa kirahisi kuliko mota. Na huku ndo kwenye orijino pia unapigwa, unalipa bei ya juu unapewa ya Mchina ndani ya boksi zuri. Kama unaamua kulipa bei ya orijino lipe kwa wakala au kwa muuzaji anayekupa risiti yenye namba ya spea, vinginevyo chukua ya Mchina kwa bei ya Mchina ukiwa unajua unachonunua.

Na hii ya kuongeza nguvu?

Kuna wanaofunga mota ya gari kubwa kwenye gari ndogo ili upepo uwe mwingi. Kwa hela, unalipa mota na ufundi wa kuchonga. Kwa kukaa, inategemea nyaya. Feni ya kawaida spidi ya mwisho inaweza kuvuta ampea 15 mpaka 20 na zaidi kidogo, waya, swichi, rilei na soketi vimepangwa kwa kiasi hicho, ukiweka inayovuta zaidi fyuzi inakata, afu mtu anaweka fyuzi kubwa, afu waya ndo unakuwa fyuzi. Kuingia ni kwa kulazimisha, kelele inaongezeka. Inamfaa anayejenga gari ya kazi maalum na fundi umeme anayemwamini, akavuta waya mpya na rilei yake. Wengine wote wangepata wanachotafuta kwa filta mpya, evapoleta iliyosafishwa, na kuweka hewa ya kuzunguka ndani badala ya kuvuta ya nje. Noah yenye AC ya nyuma, kagua na feni ya nyuma, mara nyingi mtu analalamika mbele haitoshi kumbe ya nyuma ilishakufa zamani.

Kwa hali yako

Feni inalia au upepo umepungua lakini bado inazunguka, na mota yako inafikika kirahisi: anza na filta na servis. Hata ikibidi ununue mota baadae hujapoteza kikubwa, na utakuwa umeshajua ugonjwa.

Unafanya taxi ya mtandao au unapeleka abiria siku nzima, AC haizimwi na abiria anakupunguzia nyota ikiwa ya uvuguvugu: kila siku gari ikilala gereji ni hela. Used iliyojaribiwa vizuri inakurudisha barabarani siku hiyo hiyo. Kama kuna akiba ya orijino na inapatikana bila kusubiri, kwa masaa yako ya kazi inajilipa. Servis kwako iwe ya kuzuia, kila unapobadilisha filta mwambie fundi achungulie na pangaboi.

Gari ya familia, inatoka asubuhi na jioni, unapanga kukaa nayo miaka: orijino au Denso ya namba sahihi kama mfuko unaruhusu, used nzuri kama hauruhusu.

Uko mbali na mji mkubwa, used hazifiki na orijino ni kuagiza: servis na makaboni kwa fundi wa altaneta ndo mkombozi wako, na mpya ya Mchina yenye pini, kipimo na mzunguko unaofanana sio dhambi kabisa. Chukua na rizista ya akiba.

Unataka kuuza gari mwaka huu: servis, ikishindikana ya Mchina inayozunguka vizuri spidi zote. Mnunuzi atawasha AC, hatafungua droo.

Mota imezikwa ndani ya dashibodi: orijino, au used ambayo imezunguka mezani kwa muda mrefu mbele yako. Na wakati dashibodi iko wazi safisha evapoleta hapo hapo.

Unakaa Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote karibu na bahari: kwa njia yoyote utakayochagua, kagua pini na soketi kwa kutu na uombe zisafishwe kabla ya kufunga, maana hewa ya chumvi inakula terminali kimya kimya na mota inalaumiwa bure.

Mota ni ya pini tatu yenye saketi ndani: servis ya kusafisha tu, zaidi ya hapo ni used ya namba ile ile au orijino. Za Mchina za aina hii zipo lakini duka likikataa kukupa nafasi ya kuijaribu kwenye gari yako kwanza, pita.

Na ile ya zamani usimuachie fundi mpaka mpya imepita spidi zote, mchana wa jua kali, kwenye foleni ya kweli. Pangaboi lake, soketi yake au ile namba ya spea unaweza kuvihitaji tena.